Sentensi za Kweli

Mwalimu Callixte alikuwa amebakiza siku moja. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuvunja nyumba nne za wanafunzi wake mwenyewe, na hakuna mtu Mpanda nzima aliyekuwa anamtafutia wakili. Sajenti Gelasius, ambaye ndiye aliyemfunga pingu, alikaa mbele yake kwenye chumba cha mahojiano. Mezani kulikuwa na jalada la kesi na kiroba cha sukari kilichojaa madaftari.

"Umekula, Mwalimu?"

"Uliza kilichokuleta, Sajenti."

Wiki iliyopita mtu huyu alikuwa anamwita Gelasius tu. Gelasius, simama. Gelasius, endelea. Kwa miezi saba, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, Sajenti alikuwa amekaa benchi la pili katika ukumbi wa kigango cha Kakese, pamoja na wakulima wa mpunga na wafanyabiashara wadogo, wanajifunza Kiingereza cha kila siku. Sajenti aliacha shule mapema, na kila kozi ya kupandishwa cheo ilikuja na karatasi za Kiingereza. Wengine walikuwa na sababu zao. Ubaoni alisimama Callixte, mtu wa Katumba, mzaliwa wa wazazi waliotoka Burundi, mwembamba, mkali kwa kosa dogo, mpole kwa kosa kubwa.

Sasa alikuwa amekaa bila mkanda, na viatu havina kamba.

"Nieleze kuhusu sentensi," Gelasius alisema.

"Unazijua. Umeziandika."

"Nieleze kama sizijui. Naandika maelezo."

Callixte aliangalia kiroba. "Kila neno jipya, mwanafunzi analitungia sentensi. Na sentensi lazima iwe ya kweli, itoke nyumbani kwake. Nikimwambia mtu mzima aandike kuhusu tufaha na theluji, kesho amesahau. Akiandika kuhusu ng'ombe wake, hasahau. Ndiyo kanuni ya darasa langu."

"Na neno la kuficha ulilitoa lini?"

"Mwezi wa sita. Kuficha, kutunza, kuhifadhi. Watu wanayachanganya."

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imemkalia vibaya. Mwanafunzi mmoja, Zuleha, aliandika kwamba anatunza vitenge vya biashara juu ya dari ya chumba cha watoto. Vikachukuliwa juu ya dari. Benedikto aliandika kwamba betri yake ya sola akienda shamba anaifukia kwenye pumba za mpunga. Ikafukuliwa kwenye pumba. Tereza aliandika kuhusu ndoo sita za asali kutoka Inyonga zilizokuwa kwenye choo kibovu kisichotumika. Zikaondoka zote. Nyumba zote zilivunjwa mchana, wenyewe wakiwa mashambani, na mwizi hakupekua popote. Alikwenda moja kwa moja. Watu wa Kakese walipojumlisha, walipata jibu moja: nani anasoma madaftari ya wote?

"Nani anayasoma zaidi yako?" Gelasius aliuliza.

"Hakuna."

"Mkeo?"

"Générose anasoma Biblia ya Kirundi. Kiingereza anakiita kelele."

"Yanakufikiaje Katumba?"

"Gideon. Kiongozi wa darasa ana pikipiki, mimi nina baiskeli. Anayakusanya Alhamisi, ananiletea. Shemeji yako huyo, unajua kila kitu."

"Wiki ya mwisho aliyaleta lini?"

"Ijumaa jioni. Alisema alipata pancha."

Gelasius alifungua daftari moja. Pembeni ya kila alama ya vyema kulikuwa na tarehe ndogo nyekundu. "Hizi?"

"Siku niliyosahihisha."

"Ungeweza kuandika tarehe yoyote."

"Ningeweza," Callixte alisema. "Na Ijumaa asubuhi nilikuwa shambani kwangu peke yangu, hakuna aliyeniona, na nyumbani mmekuta ndoo ya asali. Nimeshasema ni zawadi. Mmecheka. Andika tena, kama wino upo."

Gelasius aliandika.

*

Kilichomsumbua Gelasius hakikuwa asali. Kilikuwa ni karatasi ya mwisho kwenye jalada, ambayo kituo kizima kilikuwa kimeipuuza. Nyumba ya nne, ya mjane aitwaye Vestina, ilivunjwa Ijumaa saa nne asubuhi. Mlango uling'olewa, magunia manane ya mahindi yalitupwa uani, na hakuna kilichoibiwa. Askari aliyeandika taarifa alimalizia kwa kusema mlalamikaji hana hasara.

Alimkuta Vestina barabarani Kakese, mbele ya meza yake, anapepeta maharage kwenye ungo. Huyu mama ndiye aliyekuwa anachekesha darasa. Siku Mwalimu alipowafundisha kwamba Waingereza wakisema mtu amemwaga maharage maana yake ametoa siri, alisimama na kugoma. "Maharage yakimwagika nayaokota," alisema. "Siri naiokotaje? Hao wazungu hawajawahi kuuza maharage." Na siku ya kuazima, ambako Waingereza wana neno moja la anayetoa na jingine la anayepokea, aligoma tena: "Kwetu kuazima ni kuazima. Atoe, apokee, kitu hakirudi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande. Kilo ngapi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mwizi wako."

"Si mmeshamkamata?"

"Alichukua nini kwako?"

"Nilishasema. Hakuna."

"Kuku wako walikuwa uani, redio ilikuwa mezani, mahindi yapo. Mwizi gani huyo?"

"Mwizi mjinga. Wapo."

"Alikuwa anatafuta nini nyuma ya magunia?"

Vestina alipuliza takataka za ungo zikamwendea Gelasius kwenye shati. "Muulize yeye."

Gelasius alitoa daftari lenye jina la Vestina mgongoni, akalifungua ukurasa wa Alhamisi ya mwisho, akaliweka juu ya maharage. "Nisomee hii sentensi."

"Miwani sina."

"Umeivaa, mama."

Akaivua. Akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akaangalia barabara pande zote mbili.

"Imeandikwa kwamba unaficha cherehani yako nyuma ya magunia ya mahindi," Gelasius alisema. "Kwenye orodha ya mali zako hukutaja cherehani. Mwizi hakuichukua. Iko wapi?"

"Punguza sauti."

"Iko wapi?"

"Haipo! Haijawahi kuwepo." Alipiga ungo pembeni ya meza. "Zuleha ameandika vitenge, Tereza asali, Benedikto betri ya sola. Wanasimama wanasoma, watu wanapiga makofi. Mimi niandike nini? Ninaficha ungo? Nikaandika cherehani. Ni dhambi kubwa, afande? Nifungwe na mimi?"

"Ulimwambia nani mwingine kuhusu hiyo cherehani?"

"Nimwambie nani? Jirani akisikia si atakuja kushonewa?"

"Uliisoma darasani?"

"Siku hiyo muda uliisha. Gideon akapita akakusanya."

Gelasius alibaki amesimama. Cherehani hiyo haikuwepo Kakese wala popote. Ilikuwepo kwenye mstari mmoja wa daftari moja, na mtu alikuwa amebeba magunia manane kuifuata. Kwa hiyo mwizi alisoma, hilo halikuwa na ubishi tena, na lingeweza kummaliza Mwalimu kabisa. Lakini sentensi iliandikwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nyumba ilivunjwa Ijumaa saa nne asubuhi. Ilibaki kujua madaftari yalikuwa wapi kati ya saa hizo mbili.

Hakuhitaji shahidi. Alikuwa ameyaona mwenyewe. Ijumaa ile saa moja asubuhi Gideon alifika kwake kunywa chai, kama alivyozoea. Suzana, mke wa Gelasius, ambaye ni dada yake Gideon, alimwekea viazi vitamu na kumtania kwamba ataoa lini. Kiroba cha sukari chenye madaftari kilikuwa kimefungwa nyuma ya pikipiki. Gelasius alikipita akienda kuvaa buti.

"Leo nyie wote Inyonga?" Gideon alimuuliza.

"Nani kakuambia?"

"Mji mdogo huu, shemeji."

Gelasius alilichukua daftari. "Mama, hili jambo la cherehani nitaliandika kwenye maelezo yako."

"Utalisoma mahakamani? Mbele ya Zuleha?"

"Ndiyo."

"Basi ninunulie hata kilo moja," Vestina alisema. Gelasius akanunua.

*

Kwa Tereza alikaa dakika kumi. Mumewe alikuwa ndani, kwa hiyo Gelasius alimwita uani kwenye banda la mbuzi.

"Ndoo iliyokutwa kwa Mwalimu. Ulipoiona ulisema nini?"

"Nilisema ni asali yangu."

"Ni asali yako?"

"Ni yangu."

"Uliibiwa ngapi?"

"Sita."

"Sentensi yako inasema sita. Uliiandika mwezi wa sita. Mwalimu anasema ulimpa ndoo mwezi wa tano, kwa sababu ulimaliza kitabu cha kwanza bila kosa. Je, ulikuwa na saba?"

Tereza aliangalia mlango wa nyumba.

"Dada, mimi si padri. Nataka idadi."

"Saba," alisema. "Moja nilimpa. Huyu bwana hajui. Angeniuliza kwa nini nampa mwanamume mwingine asali."

"Ile siku watu wanamtoa nyumbani kwake, wewe ulikuwepo. Alikuita kwa jina. Akasema, Tereza, waambie."

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu." Akaanza kulia kwa sauti ndogo, huku anamsukuma mbuzi kwa goti. "Nilifikiri mtaligundua wenyewe. Nyie si ndio polisi?"

Gelasius alimpa kalamu asaini. Alisaini jina lake vizuri, kwa mwandiko wa mviringo aliofundishwa na Callixte.

Kabla ya kuwasha pikipiki, alitoa daftari la mwisho kwenye kiroba. Lilikuwa lake. Alilisoma akiwa amesimama juani, ukurasa kwa ukurasa, na kwenye karatasi nyingine ameandika siku nne za wizi. Doria ya Kakese ilikuwa yake. Alikuwa anamtii Mwalimu kuliko wanafunzi wote: kila sentensi yake ilikuwa ya kweli. Wiki ya vitenge alikuwa ameandika kwamba gari la doria ni bovu na fundi hana spea. Wiki ya betri aliandika kwamba kesho atakuwa mahakamani kutwa nzima. Wiki ya asali, kwamba Jumatano askari wote watakuwa kwenye mazoezi ya shabaha. Na Alhamisi ya mwisho, katika zoezi la wakati ujao, kwamba kesho wote watakwenda Inyonga kumpokea mkubwa kutoka mkoani.

Nne kwa nne. Wengine walimwambia mwizi kitu kiko wapi. Askari alimwambia aje lini.

*

Saa nane mchana Gideon alikuwa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, ameipindua pikipiki, anapaka mnyororo oili chafu. Ghala lake la mpunga lilikuwa hatua ishirini nyuma yake, limefungwa kufuli mbili. Gelasius alikuja peke yake. Askari wawili na mwenyekiti wa kitongoji aliwaacha kwa jirani, wanakunywa maji.

"Shemeji! Umepotea. Dada hajambo?"

"Hajambo. Mikono yako michafu?"

"Michafu."

"Basi usishike, angalia tu. Nimekwama na Kiingereza cha huyu Mrundi."

Gideon alicheka. "Unamletea kipofu akusomee? Mimi na wewe tunakaa benchi moja. Mimi najua good morning na plate."

Ndivyo alivyokuwa anasema siku zote. Miaka minane alifanya kazi kwenye kambi ya wawindaji wageni porini huko, na akiulizwa alijibu kwamba alikuwa anaosha sufuria, na sufuria hazisemi. Darasani alikuwa wa mwisho kusoma kwa sauti, anasitasita, anashika neno moja kama anavuta mbuzi mtoni. Watu walimchagua kiongozi kwa sababu ya pikipiki, na kwa kumhurumia.

Gelasius alichuchumaa, akafungua daftari jipya, akaliweka juu ya tangi la mafuta, mbele ya macho yake. Kulikuwa na sentensi moja tu. Aliiandika mwenyewe njiani, polepole, kwa Kiingereza chake cha jioni: askari wako ndani ya ghala lako sasa hivi.

Gideon aliangalia karatasi. Kisha akageuza shingo, akaangalia ghala.

Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Aliporudisha uso, tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini mkono wenye kitambaa cha oili ulikuwa umesimama.

"Imeandikwa nini?" aliuliza.

"Umeshaisoma."

"Mimi sijui..."

"Gideon. Mimi nimeiandika kwa dakika ishirini na kamusi. Wewe umeisoma kabla sijaondoa kidole."

Kuku walipita kati yao. Gideon alifuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Hamna askari kule," alisema.

"Hamna. Wako kwa jirani. Ila sasa najua waanzie wapi."

"Shemeji, kaa chini."

"Nimekaa."

"Nani alikukopesha mahari? Mama yangu alipokataa kwa kuwa polisi wanahamahama, nani alimwambia huyu atatulia? Mimi. Mtoto wako wa kwanza nani alimshika kanisani?"

"Wewe."

"Basi. Huyu Callixte ni nani kwako? Atafungwa mwaka, atatoka, atarudi Katumba kwao. Hakuna aliyekufa. Ni vitenge na asali."

"Ulikuwa unayasoma wapi?"

"Hapa. Pale kitandani." Alisema bila aibu, kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Mnaandika kila kitu. Watu wazima. Mnamwandikia mtu pa kufikia, saa ya kufikia, na mnamwomba asahihishe. Mimi sikumpeleleza mtu. Mlinipa mkononi, Alhamisi kwa Alhamisi."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa bora kuliko wote," Gideon alisema. "Bila wewe nisingethubutu. Ndiyo maana nakuambia kaa chini ufikiri. Ukinipeleka mimi, lazima useme nilijuaje kwamba hamtakuwepo. Ukilisema hilo, hizo alama begani unazivua. Na ukirudi nyumbani, utamkuta dada yangu. Unapoteza vyote hivyo kwa ajili ya mtu ambaye hata hakufundishi bure?"

Gelasius alinyanyuka. Aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, na askari wawili wakatokea kwa jirani na mwenyekiti nyuma yao.

"Fungua mwenyewe kufuli," alisema, "au wavunje. Chagua."

Gideon alitoa funguo kwenye soksi. Nyuma ya magunia ya mpunga kulikuwa na robota la vitenge ambalo halijafunguliwa, betri ya sola yenye pumba kwenye vishikio, na ndoo za asali. Mwenyekiti alizihesabu kwa sauti, akarudia, akasaini. Sita.

"Wewe Gideon," mwenyekiti alisema, "si ndiye uliyeshika kamba siku tunamfunga Mwalimu?"

Gideon alikuwa anamwangalia Gelasius, na alikuwa na macho ya Suzana, yale yale.

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Maximilian, alisoma jalada akiwa amesimama dirishani. Alisoma maelezo ya Vestina akacheka. Alisoma ya Tereza, hakucheka. Alipofika kwenye kielelezo cha mwisho akakaa.

"Hili daftari ni la nani?"

"Langu, afande."

"Naona. Umeandika mpaka namba ya gari bovu." Alilipekua. "Tukiliondoa hili, kesi inasimama?"

Lilikuwa swali la upole, na Gelasius alielewa mlango uliofunguliwa mbele yake.

"Mali zimekutwa kwake, kwa hiyo Gideon bado ana kesi, afande. Lakini atasema alikuwa anamhifadhia tu Mwalimu. Kuna watu kumi na moja walioandika maelezo kwamba ni Mwalimu. Watamwamini. Kiroba nilikiona mimi Ijumaa saa moja, nyumbani kwangu, kikiwa naye. Na mara zote nne alivunja nyumba siku niliyoandika kwamba sitakuwepo. Mwalimu angekuwa mwizi, ya Ijumaa asingeijua, daftari lilikuwa halijamfikia. Bila mimi, Mwalimu anabaki ndani."

"Unajua utaitwa kwenye nidhamu."

"Najua."

"Kwa kutoa mienendo ya askari kwa raia. Kwa maandishi. Yenye alama ya vyema." Maximilian alipiga muhuri kwenye kila ukurasa. Muhuri wa mwisho aliupiga taratibu zaidi. "Mtoe mtu wako."

Callixte alisomewa hati ya kuachiwa huru saa kumi kasorobo. Alifunga kamba za viatu vyake kwanza, zote mbili, kisha akasikiliza. Gelasius alimweleza: nani, vipi, tangu lini. Hakuacha kitu.

"Wewe ulikuwa unakaa naye benchi moja," Callixte alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi siku saba nimekaa kule ndani nikifikiri, kuna mwanafunzi wangu mmoja ni mpelelezi. Atakuja kuniuliza. Pingu ulizileta siku ya kwanza, maswali umeyaleta leo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikuwa unaamini?"

Gelasius alifikiri kusema kwamba alikuwa na mashaka. "Niliamini," alisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyozoea kufanya darasani mwanafunzi akitoa jibu sahihi ambalo halifurahishi. Nje ya geti watu walikuwa wameanza kujaa. Habari zilikuwa zimetoka Kakese kwa bodaboda. Tereza alikuwepo na mumewe, Zuleha amejitanda mtandio, Benedikto, wengi wa benchi la kwanza na la tatu. Wengine walikuwa na vifurushi mikononi.

"Wamekuja kukuomba msamaha," Gelasius alisema.

"Nikitoka hivi hivi watanipa vifurushi, kesho watasema nimehonga. Nataka karatasi."

"Nitaiandika."

"Yenye muhuri. Inayosema si mimi, na ni nani. Kwa Kiswahili, kila mtu aelewe." Alisimama. "Na uisome wewe. Mlinitoa nyumbani kwangu kwa sauti kubwa, mbele ya mke wangu. Nirudisheni kwa sauti kubwa."

Gelasius aliandika mistari saba kwenye meza ya mapokezi. Afande Maximilian alitoka ofisini kwake kugonga muhuri bila kuulizwa. Wakatoka pamoja mpaka ngazini, na watu wakasogea.

Suzana alikuwa mbele kabisa, karibu na geti. Alikuwa ameshika hotpoti mikononi, na kijiko kimefungwa juu kwa kitambaa. Alikuwa amemletea kaka yake chakula. Alimwangalia mume wake, kisha karatasi.

Gelasius alisoma. Kwamba jeshi la polisi limemkamata Callixte wa Katumba kimakosa. Kwamba hakuiba, hakushiriki, hakujua. Kwamba aliyevunja nyumba hizo nne ni Gideon, mkazi wa Kakese, kiongozi wa darasa.

"Nani?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Rudia jina!"

"Gideon," Gelasius alisema. "Shemeji yangu. Kaka wa mke wangu."

Hayo ya mwisho hayakuwa kwenye karatasi. Suzana aliinama, akaliweka hotpoti chini kwenye vumbi, akalisogeza pembeni lisikanyagwe. Watu walimpisha. Akaondoka kwa njia ya sokoni, bila kukimbia, na hakugeuka.

Gelasius alikuwa amesita katikati ya mstari. Mwalimu Callixte alisimama kando yake. Alikuwa anasubiri tu isomwe yote. Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Gelasius akapandisha sauti, akaendelea kusoma.